Mchagua Jembe Ndiye Mkulima



Liko neno ambalo tumechoka kulisikia hapa Anoka na viunga vyake. Wanalisema wauzaji Wamarekani, wanalisema wafanyabiashara wa kwetu, na siku hizi tunalisema hata sisi kwa sisi, kwenye arusi na kwenye matanga: kwamba mtu anayenunua ATV ya bei ya chini iliyotoka ng'ambo hatafuti kitu ila hiyo bei. Mashine ikimfia uwanjani anaambiwa, "Ulitaka rahisi, umepewa rahisi." Akizidi kulalamika, hutokea mjuzi mmoja akamkumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Basi mlalamikaji hunyamaza, watu hucheka, na muuzaji hubaki na fedha zake.

Sisi hatutanyamaza. Maneno hayo ni uongo, na ni uongo wenye faida kwa anayeusema. Mnunuzi wa bei ya chini anajua anachokitaka, tena anakijua kuliko tajiri. Tajiri akikosea hununua nyingine. Asiye tajiri akikosea, ameliwa.

Kwa wenzetu walio London au Maskati ambao hawajazoeana na mashine hizi, ATV ni ile pikipiki ya magurudumu manne, yenye matairi manene na usukani wa mikono, ambayo Zanzibar watalii hukodi kupita nayo vijijini. Huko ni mchezo. Hapa mambo ni mengine.

Anoka uko kaskazini ya Minneapolis, pale mto Rum unapomwaga maji yake katika Mississippi. Wengi wetu tulianzia kwenye fleti za Brooklyn Park na Brooklyn Center. Watoto walipoongezeka, baadhi yetu tukasogea Coon Rapids, Anoka, Ramsey na Andover, ambako nyumba ina uwanja mpana na njia ndefu ya gari. Njia ndefu ya gari ni jambo la fahari mwezi wa Julai. Mwezi wa Januari ni adhabu. Mama aliyekesha zamu ya usiku akiwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea hurudi asubuhi akakuta theluji imefika magotini, na kabla ya kulala inambidi ashike beleshi. Mtu huyo akifikiria kununua ATV na kuifunga bamba la kusukumia theluji, msimwambie kwamba anatafuta anasa. Anatafuta mgongo wake.

Sasa aende wapi? Tunaishi katika jimbo lenye jina kubwa kwa mashine hizi. Polaris ilizaliwa Roseau, karibu na mpaka wa Kanada, mwaka 1954, na makao yake makuu yako Medina, mwendo mfupi kutoka hapa. Arctic Cat ilikulia Thief River Falls. Mashine zao ni nzuri, lakini ATV mpya ya kufanyia kazi hupita dola 7,000 kabla hujaweka bamba. Pembeni yake ipo ya kutoka China kwa nusu ya bei hiyo, na zipo za watoto zisizofika dola 1,000, zinazoletwa nyumbani ndani ya sanduku la chuma kama kabati la kuunga mwenyewe. Mwenye watoto wanne hapa na wazazi wa kuwatumia fedha kule hahitaji kuelezwa kwa nini macho yake yanakwenda upande wa pili.

Wenye dharau husema hapo ndipo kosa lilipo: kitu cha Mchina ni takataka, na anunuaye takataka asitegemee zaidi. Hebu tuifungue hiyo takataka tuone kilichomo ndani.

Tulio wahandisi na mafundi katika jumuiya hii tumezifungua nyingi. Zile ndogo za watoto, za cc 110 na 125, kwa kawaida zina injini ya silinda moja iliyolala, iliyonakiliwa kutoka kwa Honda ndogo za zamani. Nyingi za cc 150 zina injini ya skuta inayoendeshwa kwa mkanda. Na nyingine, hadi cc 250, zina injini ya silinda iliyosimama, ya ukoo wa Honda CG125. Huyu wa mwisho ni jamaa yetu wa siku nyingi. Honda waliisanifu CG125 katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako mwenye pikipiki haipeleki kwa fundi mpaka igome. Waliondoa mnyororo wa taimingi uliohitaji kuangaliwa mara kwa mara, wakaweka fimbo za kusukumia valvu. Ni usanifu wa kizamani, nao ulichaguliwa kwa makusudi ili mashine istahimili vumbi, mafuta mabaya na mwenyewe asiyejali. Viwanda vya China vikaunakili, na injini za ukoo huo ndizo zilizobeba pikipiki nyingi za Kichina zilizomiminika Afrika Mashariki katika miaka ya 2000.

Basi tazameni ajabu hii. Injini ile ile, Manzese inafufuka na Anoka inakufa. Kule ringi zikiisha, kijana mmoja huenda Kariakoo au Gerezani akarudi na ringi, gasketi na plagi, na kabla ya magharibi pikipiki iko barabarani. Nairobi ataenda Kirinyaga Road, Kampala ataenda Kisekka. Hapa ringi zikiisha, mwenye mashine anampigia muuzaji simu. Muuzaji anauliza ni modeli gani. Mwenye mashine anasoma jina lililobandikwa kwenye tangi, nalo ni jina la kibandiko tu, halimo katika orodha yoyote ya vipuri. Anaombwa picha, anatuma picha. Baada ya wiki tatu kinakuja kipuri kisichoingia. Akipiga tena, simu haipokelewi. Akiipeleka gereji, anaambiwa kwamba hapo hawagusi mashine za Kichina. Mwisho wake ni kando ya banda, chini ya turubai, na majirani wanasema, "Si tulikwambia?"

Chuma ni kile kile. Kilichopungua Anoka ni duka la vipuri, fundi aliye tayari na muuzaji mwenye anwani. Hivyo vitatu ndivyo mnunuzi alivyovitaka, na ndivyo ambavyo hakuuziwa.

Kama hamtuamini sisi, waulizeni waendesha bodaboda, maana hakuna duniani mnunuzi wa mashine ya bei ya chini aliye mkali kuliko wao. Miaka ile pikipiki za Kichina zilipoingia kwa majina yasiyohesabika, walizinunua, wakazipima kwa kazi, si kwa maneno. Na baada ya kuzipima, Uganda, Kenya na Tanzania, wengi wao waliigeukia Boxer ya Bajaj na TVS kutoka India. Je, zilikuwa za bei ya chini kuliko za Kichina? La hasha. Zilikuwa ghali zaidi. Lakini kipuri chake kilipatikana hata kwenye kijiji chenye duka moja, kila fundi aliijua, na siku ya kuiuza ilirudisha fedha. Mwendesha bodaboda, ambaye mara nyingi anailipa pikipiki kwa mkopo wa kila siku, aliongeza fedha ili apate mashine isiyomlaza njaa. Huyo ndiye anayeambiwa kwamba hajui ila bei!

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kwamba kitu cha Mchina ni kibaya na cha Mmarekani ni kizuri. Dharau ya namna hiyo ina historia, na historia imeiaibisha. Honda ilipoleta ATV yake ya kwanza Marekani mwaka 1970 ilikuwa na magurudumu matatu, na bado walikuwapo watu wengi hapa waliocheka kila kilichoandikwa jina la Japani. Leo nani anacheka? Hata hao wakubwa walikosea: magurudumu matatu yalipinduka na kuua, wengi wao wakiwa watoto, mpaka mwaka 1988 kampuni kubwa, Polaris ikiwamo, zikakubaliana na serikali kuacha kuyauza.

Na hapa hapa jirani zetu, Plymouth, yapo makao ya Marekani ya CFMOTO, kampuni iliyoanzishwa China mwaka 1989. ATV zake huuzwa kwa bei ya chini kuliko za wenyeji, na watu wanazinunua bila kujificha. Kwa nini? Kwa sababu ina mawakala wenye maduka, ina orodha ya vipuri yenye namba, na mashine ina dhamana inayosomeka. Kwa hiyo inawezekana. Mchina anaweza, wa bei ya chini anaweza. Anayesema haiwezekani anatueleza habari zake mwenyewe.

Upande wa pili, Aprili 2018 Polaris ilikubali kulipa faini ya dola milioni 27.25, baada ya Tume ya Usalama wa Bidhaa ya Marekani kuishutumu kwamba ilichelewa kutoa taarifa juu ya kasoro za magari yake ya RZR na Ranger yaliyoweza kushika moto. Jina kubwa, basi, si kinga. Lakini liangalieni jambo hilo vizuri. Faini ilitozwa kwa sababu alikuwapo wa kutozwa. Magari yaliitwa yarudi kwa sababu alikuwapo wa kuyapokea. Mashine iliyoingizwa na kampuni ya sanduku la posta, kwa jina linalobadilika kila msimu, ikishika moto nani ataitwa? Bei ile ya chini imepatikana kwa kumwondoa mtu huyo. Hatukupunguziwa bei kwenye chuma peke yake. Tumepunguziwa mtu wa kutujibu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo linalotuuma kuliko yote, nalo ni watoto. Mamia ya watu hufa Marekani kila mwaka kwa mashine za aina hii, na miongoni mwao wamo watoto. Sheria ya mwaka 2008 ililazimisha kila anayetengeneza au kuingiza ATV afuate kanuni za usalama na awe na mpango ulioidhinishwa na Tume. Kanuni hizo zinasema kwamba mashine ya mtoto wa miaka 6 isizidi maili 15 kwa saa, na iwe na kidhibiti cha kuishusha hadi maili 10 wakati anajifunza. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni Tume imelazimika mara kwa mara kuwaonya wazazi waache kabisa kutumia ATV fulani za watoto kutoka China, kwa kuwa zinakwenda kasi kupita kiwango au hazikidhi masharti mengine, huku baadhi ya wauzaji wakikataa kuzirudisha. Mzazi aliyeinunua kwa ajili ya sikukuu hakutaka mwendo wa kuua. Alitaka furaha ya mtoto, na aliamini kwamba kitu kilichoruhusiwa kuuzwa kimekaguliwa. Mwambieni huyo kwamba "alitaka rahisi," kama mna uso.

Sasa tuwageukie ninyi, ndugu zetu mnaoleta mashine hizi na kuziuza katika jumuiya yetu, kwa mafungu, kwa simu, na kwa neno la "huyu ni mtu wa nyumbani." Hatuwachukii. Biashara ni riziki, na tungependa mfanikiwe. Lakini mmechukua amana. Mtu wa kwetu anapowapa dola 3,000 bila kuuliza maswali, hajawa mjinga. Amewaamini kwa lugha, kwa kabila, kwa msikiti au kanisa. Kumuuzia mbuzi kwenye gunia mtu wa namna hiyo ni vibaya kuliko kumuuzia mgeni. Mnasema faida ni ndogo na vipuri havilipi. Basi ongezeni bei dola 200, wekeni rafu moja ya vipuri, muone kama wateja watakimbia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ninyi mmekuwa mkitembeza mno.

Mashine inayofika ndani ya sanduku, isipofungwa na mtu anayejua, ni hatari tangu siku ya kwanza. Nati za magurudumu na za usukani zahitaji kukazwa kwa kipimo na kukaguliwa tena baada ya saa chache za kazi. Waya za umeme zahitaji kufungwa zisisuguane na bomba la moshi. Mafuta ya injini yaliyokuja nayo yamwagwe, yawekwe yanayofaa baridi ya Minnesota, ambako kipimo hushuka chini ya sifuri hata kwa nyuzi za Farenhaiti. Kabureta isipopangwa, mashine iliyowaka vizuri Septemba haitawaka Januari, yaani siku ile ile iliyonunuliwa kwa ajili yake. Kazi hii haizidi siku moja ya fundi. Muuzaji anayeiruka hauzi mashine, anauza sanduku.

Na sisi wanunuzi tuna wajibu wetu. Mwaka 1975 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya dhamana, na kwa mujibu wa kanuni zake, dhamana ya maandishi ya bidhaa kama hii mnunuzi ana haki ya kuiona kabla ya kulipa. Tuitumie haki hiyo. Kabla ya kutoa fedha, tumwombe muuzaji mambo haya:

Kwanza, atuonyeshe dhamana kwa maandishi, yenye jina na anwani ya atakayetujibu.

Pili, atutajie aina ya injini, si jina la kwenye tangi, na atuuzie papo hapo plagi, mkanda au mnyororo, pedi za breki na kebo za akiba. Akishindwa kuvipata leo, hatavipata mwakani.

Tatu, atuambie ni fundi gani wa hapa karibu aliyekubali kuigusa, nasi tumpigie fundi huyo wenyewe.

Nne, atupe karatasi za kuisajilia katika Idara ya Maliasili ya Minnesota, namba ya kwenye fremu ikilingana na ya kwenye karatasi.

Tano, kama ni ya mtoto, atuonyeshe kibandiko cha umri na kidhibiti cha mwendo kikifanya kazi. Kofia ngumu si hiari kwa mtoto, na mtoto wa chini ya miaka 16 hapandi mashine ya mtu mzima, hata akiwa mrefu kama baba yake.

Kwa wanaotaka kuipeleka mashine shambani nyumbani, iwe Moshi au Eldoret, tunaongeza moja. Chagueni ya mnyororo yenye injini ya ukoo unaojulikana kule, na muiache ya mkanda. Mnyororo utapatikana popote penye pikipiki. Mkanda wa ATV mtauagiza kutoka hapa kila ukikatika, na nauli yake itawameza.

Tena tusisubiri serikali peke yake. Minnesota imetunga sheria ya haki ya kutengeneza vifaa vya kielektroniki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2024, lakini magari yameachwa nje. Lililo mikononi mwetu ni kununua kwa pamoja. Familia kumi zikinunua modeli moja, zinakuwa na sanduku moja la vipuri, fundi mmoja aliyeizoea, na sauti moja mbele ya muuzaji. Tumecheza vyama vya kufa na kuzikana na upatu tangu tulipofika nchi hii. Hatuoni kwa nini tushindwe kwa mashine ya kusukumia theluji.

Tumalizie na ile methali, maana imetumiwa vibaya mno. Wazee waliosema mchagua jembe si mkulima walimsema mvivu, yule anayetafuta sababu ya kutokwenda shamba. Hawakumsema mtu anayetaka kulima. Wala hawakuishi katika dunia ya majembe yasiyo na mwenyewe. Jembe lao lilifuliwa na mhunzi waliyemjua kwa jina na kwa nyumba. Likipinda walimrudishia, na mpini ukivunjika walikata mwingine porini siku hiyo hiyo. Katika dunia ile kila jembe lilikuwa jembe, na kuchagua kulikuwa uvivu kweli.

Leo tunaletewa jembe ambalo mhunzi wake hajulikani, na mpini wake ukivunjika hakuna mti katika msitu wote wa Minnesota utakaoingia katika tundu lake. Anayelikataa jembe hilo si mvivu. Anajua kwamba msimu ni mfupi, na theluji haimsubiri mtu. Kwa hiyo tuchague, ndugu zetu. Tuchague kwa sauti, tuulize mpaka muuzaji atokwe jasho, na atakayetuambia kwamba bei yetu haituruhusu kuuliza, tumwachie sanduku lake.